Lehemu Isiyo na Risasi: Waya Umebadilika, Moshi Umebaki

Mtu anayelehemu bodi ya saketi huinamia kazi yake. Viungo anavyoviunganisha ni vidogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo uso wake huikaribia ncha ya moto kwa umbali wa sentimita 20 au 30 tu, na kila anapogusisha waya wa lehemu kwenye ncha hiyo, uzi mweupe wa moshi hupanda moja kwa moja kuelekea puani. Wengi wanaoukwepa moshi huo huamini kwamba wanaikwepa risasi. Imani hiyo imo hata miongoni mwa wahudumu wa afya, na ndiyo humfanya mgonjwa mwenye kikohozi ashauriwe anunue waya usio na risasi, kisha arudi nyumbani akidhani tatizo limekwisha. Baada ya miezi michache huonekana tena kliniki akiwa na kikohozi kile kile, safari hii pamoja na mlio wa filimbi kifuani.

Ushauri aliopewa haukuwa mbaya. Ulikuwa jibu la swali jingine. Risasi na moshi ni hatari mbili zinazokaa ndani ya waya mmoja, zikiingia mwilini kwa njia tofauti na kudhuru viungo tofauti. Sheria za Ulaya za miaka 20 iliyopita ziliigusa hatari ya kwanza na kuiacha ya pili karibu kama ilivyokuwa. Makala haya yanazieleza sheria hizo, athari zake kwa watengenezaji wa ridhaa, yaani watu wanaounda redio, vikuza sauti na vifaa vingine vya elektroniki nyumbani kwa mapenzi yao tu, na yale ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuyauliza anapokutana na mmoja wao.

Kilichomo ndani ya waya

Lehemu ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko metali inazoziunganisha. Kwa miongo mingi lehemu ya elektroniki ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Bati linalosemwa hapa ni ile metali laini nyeupe yenyewe, wala si karatasi za kuezekea nyumba, ambazo ni chuma kilichopakwa zinki. Mchanganyiko uliopendwa zaidi una bati asilimia 63 na risasi asilimia 37. Huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi, ukitoka katika hali ya ugumu na kuwa kimiminika papo hapo bila kupitia hali ya uji. Mwingine maarufu ni ule wa 60 kwa 40, ambao katika kila gramu 100 za aloi yake gramu 40 ni risasi.

Katikati ya waya huo, kama uboho ndani ya mfupa, kuna kitu kingine ambacho jicho halikioni mpaka kichomwe. Mafundi hukiita flaksi. Kazi yake ni kuondoa kutu nyembamba iliyo juu ya shaba ili lehemu ipate kushika. Flaksi ya jadi hutengenezwa kwa rosini, ambayo madaktari wa ngozi huiita kolofoni. Rosini ni masalio ya utomvu wa msonobari baada ya tapentaini kuondolewa. Ni utomvu wa aina ile ile inayogemwa katika msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi. Joto la chuma cha kulehemia, ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 330 na 380, huichoma rosini na kuigeuza moshi. Joto hilo hilo haliwezi kuifanya risasi iwe mvuke kwa kiasi cha kutia hofu. Risasi huchemka kwa nyuzi 1,749, na mvuke wake huanza kuwa suala la kiafya joto linapopita nyuzi 500 hivi. Moshi mweupe, basi, ni wa msonobari.

Hali ni tofauti kabisa pale pasipo na chuma cha kulehemia bali moto wenyewe, kama vile mtu anapoweka bodi chakavu juu ya jiko la mkaa ili vipuri vidondoke auze. Moto huo haudhibitiwi, na pamoja na kuyeyusha lehemu huunguza plastiki na kemikali za kuzuia moto zilizomo ndani ya bodi. Mgonjwa wa namna hiyo yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko wote wanaozungumziwa hapa, naye asihesabiwe pamoja nao.

Sheria ya Ulaya na makusudi yake

Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo linalojulikana kwa kifupi chake, RoHS, ambalo masharti yake yalianza kubana tarehe 1 Julai 2006. Agizo hilo liliweka mipaka kwa vitu 6 katika vifaa vya umeme na elektroniki: risasi, zebaki, kadimi, kromi ya aina moja iliyo sumu kali, na makundi mawili ya kemikali za bromini zinazozuia moto. Risasi haitakiwi kuzidi asilimia 0.1 ya uzito. Kipimo hicho hakichukuliwi kwa kifaa kizima, bali kwa kila sehemu iliyotengenezwa kwa dutu moja. Doa moja la lehemu ya zamani ndani ya televisheni lilitosha kuifanya televisheni nzima isiuzike.

Kusudi kuu lilikuwa taka. RoHS ilizaliwa siku moja na agizo jingine kuhusu taka za elektroniki, na hofu iliyoyasukuma yote mawili ilikuwa vifaa vinavyotupwa dampo, mvua ikivipitia na kupeleka sumu ardhini na majini, au kubomolewa na watu wasio na kinga yoyote. Jambo hili halina budi kushikwa vizuri, kwa kuwa linaeleza mengi yanayofuata. Sheria haikuandikwa ili kuyalinda mapafu ya anayelehemu. Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na sheria nyingine za usalama kazini. Mtengenezaji wa ridhaa hakuwa na sheria yoyote, na hata leo hana.

Viwanda vilibadilika karibu duniani kote, si Ulaya peke yake, maana ni hasara kwa mtengenezaji wa simu kuendesha mstari mmoja wa uzalishaji kwa ajili ya Ulaya na mwingine kwa ajili ya Afrika au Asia. Ndiyo sababu simu inayofunguliwa leo juu ya meza ya fundi wa Kariakoo au Nairobi kwa kawaida imeunganishwa kwa lehemu isiyo na risasi, ingawa waya alioushika fundi huyo unaweza kuwa wa 60 kwa 40. Aloi iliyochukua nafasi kubwa ni ya bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Iliyo nafuu zaidi ni ya bati asilimia 99.3 na shaba 0.7, ambayo huhitaji nyuzi 227.

Vifaa tiba viliachwa nje ya masharti hayo mwanzoni, na sababu yake inawahusu wasomaji wa makala haya. Bati likiwa peke yake juu ya kipuri huweza, baada ya miezi au miaka, kuota nyuzi nyembamba sana za metali, nyembamba kuliko unywele, ambazo wahandisi huziita sharubu za bati. Uzi mmoja ukivuka kutoka njia moja ya umeme hadi nyingine huleta shoti. Risasi kidogo ikichanganywa na bati huzizuia sharubu hizo kwa kiasi kikubwa, na sababu zake bado zinachunguzwa na wanasayansi wa metali. Mwaka 1986, miaka 20 kabla ya masharti ya RoHS kuanza, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa maelezo kwa wakaguzi wake kuhusu sharubu za bati, baada ya vifaa vya kuratibu mapigo ya moyo kurudishwa kwa sababu ya shoti za aina hiyo. Agizo la RoHS lilipoandikwa upya mwaka 2011, vifaa tiba viliingizwa kuanzia tarehe 22 Julai 2014 na vile vya uchunguzi wa maabara tarehe 22 Julai 2016. Vifaa vya umeme vinavyopandikizwa mwilini vikaachwa nje, na vimeachwa vyema. Usafi wa dampo haulingani na moyo wa mtu.

Kwa karakana ya hospitali yoyote inayotumia mashine zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya baada ya tarehe hizo, jambo hili ni la kila siku. Fundi wa vifaa tiba anayerekebisha bodi isiyo na risasi kwa waya wa zamani anaweza kuona kiungo kimeshika na mashine imewaka, lakini aloi iliyopatikana hapo ni ya tatu, ambayo mtengenezaji wa mashine hakuipima. Afadhali aina ya lehemu iandikwe katika daftari la matengenezo pamoja na tarehe.

Mezani kwa mtengenezaji wa ridhaa

RoHS inahusu vifaa vinavyowekwa sokoni. Mtu wa Birmingham au Berlin anayejiundia redio ya kuzungumza na wenzake wa ng'ambo, akaiweka rafuni kwake, hakuivunja hata akitumia lehemu ya babu yake. Akianza kuwauzia wengine redio hizo, hata chache, sheria inamtazama kama mtengenezaji. Kwa hiyo pigo la kwanza kwa watu hawa halikuwa katazo, lilikuwa mabadiliko ya vipuri: miguu ya vipuri iliyokuwa imepakwa bati na risasi sasa ikaja imepakwa bati tupu, na bodi za kununua zikaja zimeandaliwa kwa lehemu mpya.

Pigo la pili lilitoka kwenye sheria nyingine kabisa, ile ya kemikali. Risasi iliwekwa katika kundi la vitu vinavyodhuru uzazi, na tangu tarehe 1 Machi 2018 wauzaji ndani ya Umoja wa Ulaya hawaruhusiwi kumuuzia mwananchi wa kawaida lehemu yenye risasi asilimia 0.3 au zaidi. Mtaalamu anaweza kuinunua kwa shughuli za kazi yake. Mwenye meza nyumbani hawezi, isipokuwa awe na akiba ya zamani. Tofauti ya sheria hizi mbili ni kubwa kuliko inavyosemwa kwa kawaida: ya kwanza iliwaza dampo, ya pili ndiyo iliyomwaza mtu na mtoto wake.

Manung'uniko ya watengenezaji wa ridhaa yanajulikana. Lehemu mpya hudai joto zaidi, na vipuri vidogo huungua kwa mkono usio mzoefu. Bati jingi hula ncha ya chuma cha kulehemia haraka. Kiungo cha lehemu ya zamani kikipoa vizuri hung'aa, nacho kikiwa kibaya hufifia, kwa hiyo jicho lilikuwa mkaguzi wa kwanza. Kiungo kizuri cha lehemu mpya hufifia vilevile, na mwanafunzi hupoteza mwalimu wake. Fedha iliyomo huongeza bei. Wanaongeza hoja nzito zaidi, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya risasi inayotumika duniani huenda kwenye betri, ambazo zimeruhusiwa kuendelea, huku gramu chache za mtu mmoja zikikatazwa.

Hoja hiyo si ya ukaidi mtupu. Afrika Mashariki inalo kovu linaloiunga mkono. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi ndani ya nyumba zao, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hakuna meza ya kulehemu iliyowahi kufanya madhara ya ukubwa huo. Mhudumu wa afya anayetafuta chanzo cha risasi katika damu ya mtoto aanze na betri, kisha rangi za nyumba, kisha vyombo vya kupikia vilivyosubuliwa kwa metali chakavu, ndipo aifikie lehemu. Lakini aifikie. Kuwa mdogo kuliko mwenzake hakukifanyi chanzo cha sumu kuwa salama, hasa kikiwa kimewekwa juu ya meza ambayo jioni hutumika kulia chakula.

Njia ya risasi: mkono hadi mdomo

Risasi ya metali haipenyi ngozi isiyo na jeraha kwa kiasi cha maana. Hubaki vidoleni kama uchafu wa kijivu. Hubaki pia kwenye sifongo ya kufutia ncha, ndani ya pampu ya kufyonzea lehemu iliyoyeyuka, na katika unga unaokusanyika juu ya lehemu iliyokaa motoni muda mrefu, ambao ni hatari kuliko waya wenyewe kwa sababu huruka. Kutoka hapo safari yake ni fupi: kidole hushika andazi, au sigara, au chupa ya mtoto. Wapo hata wanaoushika waya kwa meno mikono yote miwili inapokuwa na kazi, na watu hao waulizwe waziwazi, kwa kuwa hawatakumbuka kulisema.

Kwa kipimo kile kile kinachomezwa, mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Ndani ya damu nusu ya risasi huondoka kwa muda wa mwezi mmoja hivi, lakini sehemu kubwa huenda kujificha mifupani, ambako hukaa miaka mingi. Mimba na unyonyeshaji huiamsha tena. Mifupa ya mama inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto hutoa na risasi, nayo huvuka kondo la nyuma bila kizuizi. Mwanamke aliyelehemu kwa miaka kadhaa kisha akaacha kabla ya kushika mimba bado ana habari ya kumweleza mkunga.

Dalili kwa mtu mzima hazina sura moja: uchovu, maumivu ya kichwa, tumbo la kusokota pamoja na kufunga choo, upungufu wa damu, shinikizo la damu, figo kudhoofika, na katika sumu kali kifundo cha mkono kulegea. Mtoto mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, huku ubongo wake ukiathirika. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unaagiza kwamba kiwango kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Marekani hutumia mikrogramu 3.5 kwa watoto. Dawa za kuiondoa risasi mwilini hufikiriwa kwa mtoto kiwango kinapofika 45 au zaidi, nazo hazina faida ikiwa mgonjwa anarudi kwenye chanzo kile kile.

Kipimo chenyewe kina mtego. Damu ikichukuliwa kwa kutoboa kidole cha mtu anayelehemu, uchafu ulio juu ya ngozi huweza kuingia kwenye tone na kuleta jibu la juu kuliko ukweli. Kidole kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kutobolewa, na jibu la juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Vitakasa mikono vya kileo haviondoi risasi, huitawanya tu.

Mtengenezaji wa ridhaa anayelehemu saa chache kwa wiki, anayenawa kabla ya kula na mwenye meza yake ya kazi mbali na watoto, hana sababu ya kutishwa. Ikiwa nyumbani mna mtoto mdogo au mjamzito, lehemu isiyo na risasi ni chaguo lenye maana kubwa, nayo haitoshi peke yake kwa mtu anayefungua vifaa vya zamani, kwani redio ya mwaka 1980 huja na risasi yake ndani. Na kwa yeyote: lehemu ya elektroniki yenye risasi isitumike kamwe kuziba birika, sufuria au bomba la maji ya kunywa. Marekani iliizuia katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na hapo hakuna mtengenezaji wa ridhaa aliyenung'unika.

Njia ya moshi, na jumapili iliyogeuka

Rosini inapochomwa hutoa mchanganyiko wa chembe ndogo sana na gesi zinazowasha macho, pua na koo. Kwa baadhi ya watu hufanya zaidi ya kuwasha. Huufundisha mwili kuukataa moshi huo, na mafunzo hayo yakikamilika, baada ya wiki chache au miaka kadhaa, kiasi kidogo mno hutosha kuzibana njia za hewa. Hiyo ndiyo pumu ya kazini, na moshi wa rosini ni mmoja wa visababishi vyake vinavyojulikana vyema. Uingereza imeuwekea mpaka wa miligramu 0.05 katika mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8, ambao ni mdogo sana. Mpaka huo hulindwa kiwandani. Hakuna anayepima hewa ya chumba cha kulala.

Hapa ndipo lehemu mpya inapowakosea wanaoitumainia. Waya usio na risasi nao una flaksi katikati yake, mara nyingi ya rosini, tena mara nyingine yenye nguvu zaidi kwa kuwa bati jingi ni gumu kushika. Ncha ikiwa na joto zaidi, flaksi huungua zaidi. Mgonjwa wa aya ya kwanza alipobadili waya, huenda aliuongeza moshi. Maneno "bila rosini" kwenye kifurushi nayo yanahitaji kusomwa kwa utulivu: yanaondoa kisababishi kimoja kinachojulikana, hayaahidi moshi usiodhuru.

Kanuni ya kliniki inayofundishwa kuhusu pumu ya kazini ni kwamba dalili hupungua mwisho wa juma na wakati wa likizo. Kwa mtengenezaji wa ridhaa kanuni hiyo hugeuka juu chini. Mhasibu anayelehemu Jumamosi usiku na Jumapili mchana huamka na kifua kizito Jumatatu, hupata nafuu kufikia Alhamisi, na likizo, ambayo humpa muda wa kukaa mezani kutwa, humzidishia ugonjwa. Daktari akiuliza, "Ukiwa likizo unapata nafuu?" mgonjwa atajibu kwa uaminifu kwamba hapana, na pumu inayotokana na moshi itaondolewa kwenye orodha kwa kosa. Swali la "unafanya kazi gani?" nalo halitoshi, kwa kuwa jibu lake ni "mhasibu". Swali linalofungua mlango ni lile linalohusu jioni zake: mikono yake hufanya nini baada ya kazi, katika chumba gani, dirisha likiwa wapi, na nani hulala au kucheza humo baadaye.

Mgonjwa akiwa na kifaa cha kupimia kasi ya kupuliza pumzi, apime angalau mara 4 kwa siku kwa wiki 4, akiandika pembeni siku na saa alizolehemu. Mchoro wa namba hizo huonyesha mengi kuliko kumbukumbu. Asiyekuwa nacho aandike dalili tu, kwa utaratibu huo huo. Picha ikiwa wazi, dawa za pumu zitolewe kama kawaida, lakini kuepuka moshi ndiko kunakobadili mwenendo wa ugonjwa, na kadiri anavyochelewa kuuepuka ndivyo pumu inavyoweza kubaki hata baada ya kuacha.

Kumwambia aache kabisa ni rahisi kwa anayesema. Mtu aliyeunda redio tangu akiwa na miaka 12 hataacha kwa sababu ya karatasi ya ushauri, na akiona anakaripiwa hatarudi. Kwa yule ambaye bado hajapata pumu, marekebisho ya meza huleta mengi: kichwa kisiwe juu ya kazi bali pembeni, feni ndogo iwekwe upande wa pili ili iuvute moshi kuelekea dirishani, wala isiupulize usoni au kwa aliyekaa karibu, joto la ncha liwe la chini kabisa linalotosha. Visanduku vya mezani vyenye kaboni hupunguza moshi, ila hewa inayotolewa nje ya chumba ni salama zaidi. Barakoa ya upasuaji haizuii moshi huu. Kwa yule ambaye pumu yake imekwisha kuthibitika kutokana na rosini, feni haitoshi. Flaksi ya aina nyingine, kazi fupi chini ya uangalizi, au kuachana na lehemu ndiyo mambo ya kujadiliwa naye, kwa kuzingatia namba zake mwenyewe.

Kolofoni haikai kwenye lehemu peke yake. Imo kwenye gundi ya baadhi ya plasta za vidonda, hasa zile za zamani za zinki oksidi, na ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa kwa kawaida katika vipimo vya mzio wa ngozi. Mzio wa ngozi na pumu ni magonjwa mawili, na mwenye moja si lazima awe na jingine. Hata hivyo, mlehemu mwenye vipele vya mikono au vya kope azingatiwe, aulizwe kama plasta humletea muwasho, na jibu lake liandikwe katika jalada mahali ambapo muuguzi wa chumba cha upasuaji ataliona.